Shimo la Msumari

Mshipi wa mbuyu hukaanga nyuma ya mlango, umening'inia kwa msumari, na umekuwa hapo tangu nikiwa mtoi wa praimari. Desemba nikishuka ocha Mikinduri nilikuwa natafuta ufunguo wa stoo, nikausongesha na mkono, nikacheki kitu sikuwa nimewahi kucheki. Mashimo.

Ulitoka dukani na mashimo tano, zile za mashine, zimepangwa laini. Ya sita ilitobolewa na waya moto, ukingo wake umeungua ukabaki mweusi. Ya saba ni ya msumari. Imeenda kando kidogo, kama msee alipiga nyundo mara moja akasare. Na hiyo ya saba ndio ilikuwa kazini, juu ngozi kuizunguka ilikuwa imevutwa mpaka shimo likachukua umbo la yai.

Nikachukua tepu ya mathe ya kushona, nikapima. Kutoka kwa bako hadi shimo la katikati la duka, inchi 36. Kutoka kwa bako hadi shimo la msumari, inchi 32. Nikapima tena. Inchi 4 za mbuyu zilikuwa zimeishia, na kila Jumapili tulikuwa tunabonga kwa simu akiniambia ako fiti, ng'ombe iko fiti, mvua imekuja fiti.

Msee wa Tigania anaeza soma mshipi kama huo vile wengine husoma gazeti. Hapa kwetu pesa ni veve, yaani miraa. Karo, mabati, harusi, dawa ya shosh, yote inatoka kwa ile miti. Na veve haingojangi mtu: inachumwa, inafungwa kibunda, inafunikwa na majani ya ndizi ndio isikauke, halafu inakimbizwa. Ikikaa siku mbili tatu ile nguvu yake imeenda, umebaki na kuni. Huezi iweka stoo ungoje bei irudi kama mahindi. Kwa hivyo mtu mbali akifunga mlango, shamba inaskia hiyo wiki. Uingereza walifunga tarehe 24 Juni 2014. Somalia ikasimamisha ndege za veve Machi 2020, korona ikiingia, na hazikurudi mpaka Julai 2022. Hiyo ni miaka miwili na miezi, na mimi kwa hiyo miaka nilikuwa chuo. Karo ilikuwa inalipwa. Imechelewa, imekatwa vipande, lakini inalipwa.

Nilimwuliza mathe jikoni, polepole, mbuyu akiwa nje. Akaendelea kukoroga. Akaniambia, "Baba yenu akipakuliwa huwa anasema ameshiba. Anakula kidogo anasukuma sahani kwa watoto." Halafu akaongeza, kama ni kitu ya kawaida, "Na ile miti akitafuna jioni, njaa haimsumbui."

Hapo ndio niliamua nitamtengenezea mshipi. Na mkono wangu, kutoka mwanzo.

Kuna wale watauliza kwa nini usinunue. Sokoni mishipi imejaa, soo mbili soo tatu, inang'aa. Shida ni kwamba mingi ni plastiki imepigwa rangi ikae ngozi, ndani wameweka kakitambaa. Ukiidunga miezi michache inaanza kubambuka mahali inapokunjwa, kwa shimo na kwa bako, na ikishaanza haishoneki. Mbuyu huchomekea shati kila siku ya Mungu, hata akienda kumwagia ng'ombe maji. Sisi mbogi yetu tukibonga luku tunabonga njumu, ngepa, longi imekaa aje. Mshipi hakuna mtu huugusia, na kwa wazee wetu ndio kitu ya kwanza wanafunga asubuhi na ya mwisho wanafungua usiku. Njumu unaeza buyia mtu ukijua tu saizi. Mshipi lazima ujue kiuno chake kimefika wapi. Nilikuwa nimepima cha buda kwa makosa, na singeeza kujifanya sijapima.

Gigi yangu ya Nairobi ilikuwa imeisha Novemba, kwa hivyo nilikuwa na taimu. Fundi wa viatu wa soko yetu ni mzee ametushonea viatu tangu tukiwa watoi. Nilimpata ameinama juu ya ile chuma yake yenye umbo la mguu, nikamsalimia, "Muga," akajibu, nikamwambia nataka kujifunza. Aliniangalia mikono kwanza. Akasema, "Mwari, utakuja asubuhi. Mchana hapa ni mavumbi."

Siku ya kwanza alinipa kipande ya ngozi nyeusi ya kiatu, nikajaribu kuchora. Nilipiga, nikapiga, alama ikaingia, nikienda kuchota maji nikirudi imepotea. Ngozi imejirudisha laini kama hakuna kitu. Nilidhani shida ni mkono wangu. Mzee akakata ukingo wa hiyo ngozi na kisu, akanionyesha katikati: rangi ya samawati imechanganyika na kijivu. "Hii imepikwa na kemikali. Haikumbuki kitu."

Hiyo sentensi ndio ilinichanua kuhusu ngozi yote. Kuna njia mbili kubwa za kufanya ngozi mbichi isioze. Moja ni ya chumvi za kromiamu, ambayo inaeza maliza kazi kwa siku moja, na ngozi inatoka nyororo, inavumilia maji. Viatu mingi na jaketi mingi duniani ni hiyo. Ingine ni ya kitambo sana, ya magome ya miti. Gome lina tanini, ile kitu inakauka ulimi ukinywa chai ya rangi imekolea. Ngozi inalowekwa humo wiki hadi miezi, inatoka ngumu, rangi ya chai, kutoka juu hadi ndani. Hiyo ukiilowesha inalainika kama udongo, ukiipiga alama inashika, ikikauka alama imekaa milele. Ndio maana mtu wa kuchora ngozi anatafuta ya gome tu. Na Kenya gome tunalo: ile miti ya miwati ambayo Wakikuyu wanaita muthanduku ililetwa kutoka Australia, ikapandwa huku juu milimani enzi ya mkoloni juu ya gome lake. Watu wengi wanaijua kama makaa.

Kitu ingine ilinigusa: hii si kazi ya wageni. Wazee wa zamani wa Mlima Kenya walivaa ngozi kabla shuka ifike. Nthaka, yule kijana shujaa wa vita, alikuwa anafunga simi kiunoni, ala yake ya ngozi imepakwa nyekundu. Ngozi za kuvaa zilikuwa zinapakwa mafuta ya mbarika zisikauke. Sai watoi wetu wakiskia kazi ya ngozi wanafikiria tu mzee amekaa kando ya barabara na kiwi, na hapo Nyeri, chuo cha Dedan Kimathi, kuna watu wanasomea digrii ya teknolojia ya ngozi.

Kutafuta ngozi ya gome nilidandia mat saa kumi alfajiri, Mikinduri hadi Meru, Meru hadi Nairobi, tukashuka steji ya Tea Room. Kutoka hapo ni kutembea, unapita Grogan na maspea zake, unavuka mto, unaingia Kariokor. Jina lenyewe ni la Carrier Corps, wale wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, na soko ndio imelibeba mpaka leo. Kama hujawahi enda, enda. Kuna akala, kuna viondo, kuna harufu ya nyama ikichomwa, na kuna wasee wamezungukwa na ngozi nzima nzima, wanakata mishipi na mikoba hapo ukiangalia.

Jamaa wa kwanza aliniuzia maneno: "Sista, hii ni orijino kabisa." Nikaomba kipande, nikaiangalia ukingo, nikadondosha tone ya maji juu. Tone ikakaa kama lulu. Nikamshukuru nikasonga. Wa tatu, tone ilizama, ikawacha doa jeusi, nikabonyeza na ukucha na alama ikabaki. Hiyo ndio hiyo. Nikamwambia nataka ukanda kutoka mgongoni, si tumboni, juu mzee alikuwa amenichanua: ngozi ya tumbo huvutika, mshipi wa tumbo baada ya mwaka mmoja umekuwa mrefu na umepinda. Wa mgongo ndio unashika. Unene milimita 4, upana inchi moja na nusu. Nikaongeza bako ya shaba, ile nzito, si ile ya bati imepakwa. Zote pamoja zilinila thao moja na soo saba, na nauli. Nilikuwa nimesota, na sikupunguza hata finje kwa hiyo bako. Nilirudi ocha usiku na ukanda nimeukunja kwa begi kama nyoka amelala.

Kuchora sasa. Wenye wako na vifaa vya dukani wako na kisu cha kuzunguka na mihuri ya chuma ya kila aina. Sisi tulikuwa na misumari ya inchi sita. Mzee alinipa tupa, akaniambia nisage. Msumari mmoja nilisaga kichwa kikawa mteremko, upande mmoja juu upande mwingine chini. Huo ndio unasukuma ngozi kando ya mstari ndio picha isimame. Wa pili nikausaga ukawa mviringo kadogo, wa kudonoa madoa nyuma ya picha. Wa tatu ukawa na mstari katikati, wa mishipa ya jani. Nyundo ya chuma akanikataza, ingeharibu vichwa vya misumari na kupiga kwa hasira. Akanichongea rungu fupi ya mti. Siku tatu nilisaga tu. Vidole vilikuwa vinanuka chuma hata nikikula.

Dizaini haikunisumbua. Kibanda cha mzee kiko chini ya mukinduri, na hiyo miti ndio tao yetu inabeba jina lake. Jani lake ni kama yai limechongoka mwisho, juu kijani ya kukolea, chini limepauka linakaa silva, upepo ukipita mti wote unabadilika rangi mara moja. Nikaokota jani moja, nikaliweka juu ya karatasi, nikazungusha penseli. Majani kumi na moja, yakifuatana kutoka bako hadi ncha, kila moja limeinama kidogo kwa lingine.

Siri ya kazi yote iko kwa maji. Ngozi ikiwa kavu, msumari unaipasua. Ikiwa imelowa sana, inakuwa uji, alama inafura na kingo zinalala. Jani langu la kwanza na la pili ziliharibika hivyo, kwa kipande cha kujaribia, nashukuru. Unapaka maji na sponji pande zote, unawacha. Unangoja mpaka rangi ianze kurudi ya kawaida lakini ukiweka shavuni unaskia baridi. Hapo tu. Mzee alikuwa anaiweka shavuni kila asubuhi anafunga macho kidogo, halafu ananirudishia. "Bado." Ananirudishia tena. "Sasa." Unakata mstari na kisu, nusu ya unene usipite, halafu unapiga msumari wa mteremko kando ya mstari, tap tap tap, unausongesha kidogo kila pigo, na pole pole jani linainuka kutoka kwa ngozi kama limekuwa ndani likikungoja. Walai siku ya kwanza jani lilipoinuka vizuri nililia. Mzee alijifanya anatafuta uzi.

Jani moja ilikuwa inanichukua karibu masaa mawili. Watu wa soko walikuwa wanasimama. Kuna chali wa nduthi alikuwa anazima injini kila siku akipita, anaangalia, haongei, anaishia. Kuna siku aliuliza kama naeza mfunza. Nilimwambia mwalimu ni yule.

Nyuma ya mshipi, upande wa nyama, ule umepauka na ni kama suede, nikaandika majina. La mathe, langu, na ya mabrathe wangu wawili. Nilitumia kijisumari cha kawaida, doti kwa doti. Hapo hakuna mtu ataona isipokuwa yeye akivaa.

Halafu ikafika mashimo, na hapo ndio mimi na mzee tulikosana. Sheria ya mshipi ni moja, na kila fundi anaijua: shimo ambalo mtu anatumia linakuwa la katikati, halafu mbili ndani, mbili nje, inchi moja moja. Mzee alikuwa tayari ameweka alama ya kalamu: 32 katikati, 31 na 30 upande wa ndani, 33 na 34 upande wa nje. Ni sawa kabisa kifundi. Nikashika panji, nikaiweka juu ya alama ya 31, nikashindwa.

Nikafuta. Nikaweka alama upya: 32 ndio ya mwisho kabisa ndani. Baada yake 33, 34, 35, 36.

"Mwari, umekosea. Hakuna pahali pa kukaza."

Nikamwambia sijakosea. Nikamwambia stori ya shimo la msumari, yote, na sahani, na karo. Nikamwambia siezi chukua panji nimtobolee mbuyu mahali pa kukonda zaidi. Hiyo shimo mkono wangu hauezi kuipiga.

Mzee alinyamaza kitambo. Punda alikuwa analia huko chini ya soko. Akachukua rungu, akanipatia, akashika ngozi na mikono yake miwili isicheze, na nikapiga tano.

Kumalizia haikuwa mbaya. Ukingo unaukata kona ndio usikate mtu kiunoni, unaulowesha kidogo, unausugua na mfupa wa ng'ombe mpaka ung'ae kama kioo. Hapo mkono utauma na usiwache mapema. Nta nilinunua kwa mama mmoja wa Tharaka, huko ni nchi ya nyuki, nikaiyeyusha na mafuta ya mbarika, nikapaka ikiwa vuguvugu. Rangi sikuweka. Ngozi ya gome inajipaka yenyewe: jua, jasho, mafuta ya mkono, baada ya mwaka inakuwa kahawia ya asali, na hiyo kahawia inakuwa ya mtu mmoja tu. Bako ikashikwa na ribiti mbili. Mzee nilimlipa, akarudisha nusu, na sikubishana juu kwetu mzee akirudisha hivyo unapokea na mikono miwili.

Niliupeana Pasaka, jioni, baada ya chai. Nilikuwa nimeufunga na jani la ndizi, vile veve hufungwa, na kamba ya ndizi juu. Mbuyu alidhani ni veve. Akaupima uzito kwa mkono, akashangaa, akafungua bila kurarua jani.

Hakusema kitu. Alipitisha kidole gumba kwa jani la kwanza, la pili, akaenda nacho hadi la mwisho, pole pole, kama mtu anahesabu mbegu. Akasema, "Mukinduri." Halafu akageuza mshipi upande wa chini akauona umepauka, akatabasamu na upande mmoja wa mdomo, juu yeye anajua jani la mukinduri likigeuzwa linakaaje. Hapo ndio akaona majina. Akayasoma, midomo inasonga, sauti haitoki. Mathe aliinuka akaenda kuangalia moto na moto ulikuwa sawa.

Akatoa ule wa zamani akaukunja akauweka juu ya meza. Akaingiza mpya, akavuta. Ukaingia shimo la mwisho, 32, na mkia ukabaki mrefu umetokea kando ya kiuno, majani mawili na nusu yanaonekana. Akatafuta shimo lingine upande wa ndani na kidole, hakuna. Akaangalia zile zimebaki upande wa nje, akazigusa moja moja, akihesabu Kimeru kwa sauti ya chini mpaka akafika nne.

"Mami," akaniambia, "hizi zote ni za nini?"

"Ni za kurudi, Baaba."

Aliniangalia mpaka nikaangalia chini. Akauchomekea mkia vizuri kwa longi, akashuka zile ngazi mbili za nyuma, na nikamskia akiwa kwa mlango wa jikoni akiuliza mathe kama kuna chakula imebaki kwa sufuria.